Daudi Mwana wa Yese, Mpiga Kinubi

Tulipoanza mazoezi ya jubilei hii, mtoto mmoja wa Shule ya Jumapili alituuliza kama Mfalme Daudi alikuwa Mnubi. Alikuwa amesikia kwamba Wanubi wa Kibera huzungumza Kinubi. Tulicheka, lakini swali lake si la kipuuzi. Neno ni lilelile, kwa lugha na kwa chombo. Na Wanubia wa mto Naili wana chombo chao cha nyuzi, kisir, ambacho mzee wa Bungoma akikiona atasema ni litungu.

Daudi hakuwa Mnubi. Alizaliwa Bethlehemu, kitinda mimba wa Yese kati ya wana wanane, akachunga kondoo. Mfalme Sauli alipoanza kusumbuliwa na roho mbaya, kijana huyo aliitwa ampigie kinubi, na Sauli akawa anatulia. Siku nyingine, Daudi akiwa anapiga vilevile, Sauli alimrushia mkuki. Mwanakwaya anayelalamika kwamba hakupigiwa makofi na alikumbuke hilo.

Kwa Kiebrania chombo chake kiliitwa kinor. Leo huko Israeli neno hilo ni fidla, na wachoraji wa Ulaya humpa Daudi kinubi kirefu cha majumba ya wafalme. Lakini kinor ya zamani ilikuwa na mikono miwili na mti uliokingama juu, nyuzi zikishuka hadi kwenye sanduku. Ndivyo litungu lilivyo.

Tunalisema hili kwa sababu miaka ya nyuma sisi wenyewe tulilikataa litungu kanisani. Tulisema ni la sherehe za tohara na la penye busaa. Mzee aliyelileta alirudi nalo kwake Bungoma. Jumapili iliyofuata alikuja Kitale akaimba besi mikono mitupu, na akaendelea hivyo hadi alipofariki. Hatukuwahi kumwomba radhi.

Daudi alitawala miaka 40, 7 Hebroni na 33 Yerusalemu. Hakuwa mtakatifu wa kuchorwa ukutani. Alimchukua Bathsheba, mke wa Uria, kisha akapanga Uria afie vitani. Nabii Nathani alimkabili uso kwa uso, Daudi akakiri, na mtoto aliyezaliwa akafa.

Hata muziki wake ulikatizwa. Alipolileta Sanduku la Agano kwa vinubi na matari, Uza alianguka akafa njiani, na Sanduku likakaa miezi mitatu nyumbani kwa Obed-Edomu. Safari ya pili Daudi aliagiza Walawi wapange waimbaji, wakiwemo Asafu na Hemani. Baadaye waliofundishwa kuimba walifika 288, wakagawanywa zamu 24 za watu 12. Zamu zilipigiwa kura, mkubwa sawa na mdogo, mwalimu sawa na mwanafunzi. Walimu wetu wa kwaya wameisoma sura hiyo mara nyingi, ila kura hawajaileta.

Uzeeni mwili wake ulipoa, akafunikwa nguo asipate joto. Alimwachia Sulemani kiti, akazikwa katika mji wake.

Leo, kabla ya wimbo wa tatu, litungu la yule mzee litapigwa na mjukuu wake. Nyuzi ni mpya. Sanduku ni lilelile.