Soichiro Honda: Mwana wa mhunzi aliyeipa dunia injini ya bodaboda

FUNDI wa bodaboda mjini Mbita, Kaunti ya Homa Bay, anapofungua kifuniko cha juu cha injini ili kurekebisha tapeti, mara nyingi kilicho mbele yake ni mchoro uliobuniwa Japani katika miaka ya 1970, hata kama jina lililoandikwa kwenye tangi ni la kampuni ya Uchina.

Mchoro huo ni wa pikipiki ya Honda CG125. Mwanzilishi wa kampuni iliyoibuni, Soichiro Honda, aliaga dunia mnamo Agosti 5, 1991. Wengi wanaolitaja jina hilo kila uchao hawajui kwamba lilikuwa la mtu, tena mtu aliyeacha masomo akiwa na umri wa miaka 15 na kuanza kazi ya gereji kwa kumlea mtoto wa mwajiri wake.

Honda alizaliwa Novemba 17, 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu. Babake, Gihei, alikuwa mhunzi ambaye pia alitengeneza baiskeli. Mamake, Mika, alikuwa mfumaji. Mnamo 1917, alipopata habari kwamba rubani Mmarekani Art Smith angeonyesha ndege mjini Hamamatsu, kijana huyo alitwaa baiskeli ya babake bila ruhusa, akaiendesha hadi huko ilhali miguu yake haikutosha kukaa kwenye kiti. Pesa za kiingilio zilipompungukia, alikwea mti akaitazama ndege kutoka juu.

Mwaka wa 1922 aliajiriwa na gereji ya Art Shokai jijini Tokyo. Miezi ya kwanza hakuruhusiwa kushika spana, kwani kazi yake ilikuwa kufagia na kumbembeleza mtoto. Mtetemeko mkubwa wa ardhi wa Septemba 1923 ndio uliombadilishia maisha. Moto uliteketeza gereji, mafundi wengi wakarejea makwao, naye akabaki akikarabati magari yaliyoungua. Katika kazi hiyo alijifunza kuifungua injini hadi msumari wa mwisho na kuifunga tena ikawaka.

Mnamo 1928 alifungua tawi la gereji hiyo mjini Hamamatsu. Alipenda mashindano ya magari mno, na mwaka wa 1936 nusura yamtoe roho pale gari lake lilipogongana na jingine katika uwanja wa Tamagawa karibu na Tokyo.

Mwaka uliofuata aliingilia biashara ya kuunda ringi za pistoni. Hapo ndipo fundi huyu hodari alipokwama. Ringi zake zilikuwa zikivunjika au kupoteza unyumbufu wake, na kati ya 50 alizopeleka kwa kampuni ya Toyota zikaguliwe, tatu pekee ndizo zilizokubaliwa. Badala ya kukata tamaa, alijiunga na chuo cha ufundi cha Hamamatsu, akiwa mtu mzima miongoni mwa vijana, ili asomee elimu ya madini. Alisikiliza masomo aliyoyahitaji, akakataa kufanya mitihani, na hatimaye akapata siri ya chuma chake.

Vita Vikuu vya Pili vilimharibia kiwanda kwa mabomu, na mtetemeko wa Januari 1945 ukamalizia kilichosalia. Aliuza mabaki kwa Toyota. Mwaka wa 1946, wakati usafiri ulikuwa shida kubwa Japani, alipata injini ndogo zilizoachwa na jeshi, ambazo zilikuwa za kuzalisha umeme wa redio. Akazifunga kwenye baiskeli, na mkewe, Sachi, akawa miongoni mwa watu wa kwanza kuendesha chombo hicho barabarani. Kampuni ya Honda Motor ilisajiliwa Septemba 1948. Mwaka mmoja baadaye alijiunga nayo Takeo Fujisawa, ambaye alishughulikia fedha na mauzo huku Honda akibaki na injini.

Pikipiki zao za awali zilikuwa za mipigo miwili. Injini ya aina hiyo haina vali kwenye hedi: matundu yaliyo ubavuni mwa silinda hufunguliwa na kufungwa na pistoni yenyewe, na mafuta ya kulainisha huungua pamoja na petroli. Fujisawa hakupendezwa na mlio wake wala moshi wake. Hivyo basi mhandisi kijana Kiyoshi Kawashima alichora injini ya mipigo minne yenye ukubwa wa sentimita 146 za ujazo, ambayo vali zake ziliwekwa juu ya silinda badala ya kando kama ilivyozoeleka wakati huo.

Julai 1951, mvua kubwa ikinyesha, Kawashima aliendesha pikipiki hiyo, Dream E, kwenye mlima wa Hakone ambao ulikuwa umezishinda pikipiki nyingi. Honda na Fujisawa walimfuata kwa gari, wakaachwa nyuma. Walipomkuta kileleni walishangilia kama watoto. Tangu siku hiyo Honda akawa mtu wa mipigo minne, na vali zikawa ndizo fumbo la maisha yake.

Fumbo lenyewe si dogo. Vali husukumwa wazi na kamshafti, lakini hufungwa na springi. Injini ikizunguka kasi kupita kiasi, springi hushindwa kuirudisha vali kwa wakati, nayo huelea na hata kugongana na pistoni. Honda alichagua kutumia vali nne ndogo katika kila silinda badala ya mbili kubwa, kwa sababu kitu chepesi ni rahisi kurudishwa.

Aliyatangaza makusudio yake ya kushiriki mashindano ya pikipiki ya Isle of Man, Machi 1954. Wakati huo kampuni ilikuwa hoi. Ilikuwa imenunua mitambo ya kigeni ya yeni milioni 450 ilhali mtaji wake haukufika hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho, na pikipiki zake mpya zilikuwa zikirudishwa na wateja. Fujisawa alibaki akiwasihi wauzaji vipuri na benki wavumilie. Honda alisafiri hadi Isle of Man, akagundua kwamba injini za Wazungu zilikuwa na nguvu takriban mara tatu ya zake. Mtu mwingine angefuta ahadi.

Mnamo 1959 waendeshaji wake walishika nafasi za sita, saba, nane na 11 katika daraja la sentimita 125 na kutwaa tuzo ya timu bora ya kiwanda. Mwaka wa 1961 pikipiki za Honda zilijaza nafasi tano za kwanza katika madaraja ya 125 na 250. Upeo ulikuwa RC166 ya mwaka wa 1966. Injini yake ya sentimita 250 ilikuwa na silinda sita na vali 24, ikizunguka mara 18,000 kwa dakika, maana yake ni kwamba kila vali ilifunguka na kufungwa mara 150 kwa sekunde moja. Mwingereza Mike Hailwood aliitumia kutwaa ubingwa wa dunia mwaka huo na uliofuata.

Hata hivyo, Honda hakuwa malaika. Wahandisi wake walimwogopa. Alifoka, na mara nyingine aliwapiga kwa chombo chochote kilichokuwa mkononi. Ukaidi wake uligharimu pia. Aliamini kwamba injini ya gari inapaswa kupozwa kwa hewa, si kwa maji. Dereva John Surtees alilikataa gari la mbio la RA302 lililoundwa kwa imani hiyo, akisema halikuwa salama. Mfaransa Jo Schlesser alipewa gari hilo katika mashindano ya Rouen, Julai 7, 1968, likapinduka na kushika moto, naye akafariki. Honda hakubadili msimamo mara moja. Ilimlazimu Fujisawa kumtaka achague kati ya kuwa rais wa kampuni na kuwa mhandisi, ndipo akawaruhusu vijana watumie maji.

Vijana hao ndio waliounda injini ya CVCC, iliyotangazwa mwaka wa 1972. Kila silinda ilipewa vali moja ndogo ya ziada, iliyoingiza mchanganyiko mzito wa petroli kwenye chumba kidogo ili uwake kwanza na kuuwasha ule mwepesi. Ilitimiza masharti makali ya Marekani kuhusu moshi wa magari kabla ya kampuni kubwa za Detroit. Honda aliuona ushindi huo kuwa wa kibiashara. Wahandisi walimweleza kwamba walifanya kazi hiyo kwa ajili ya watoto watakaoivuta hewa hiyo, si kwa ajili ya kuzishinda kampuni nyingine. Aliona haya, na mwaka wa 1973, akiwa na umri wa miaka 66, yeye na Fujisawa walistaafu pamoja. Hakumrithisha mwanawe kampuni. Aliyemrithi ni Kawashima, yule wa mlima wa Hakone.

CG125 ilikuja muda mfupi baada ya hapo, kwa hivyo si haki kusema aliichora yeye. Lakini ina alama za gereji aliyoikulia. Wahandisi walikuwa wamezuru nchi za Asia, wakaona pikipiki zikibeba mizigo kupindukia na oili ikikaa miezi bila kubadilishwa. Kamshafti iliyowekwa juu kwenye hedi ndiyo iliyokuwa ya kwanza kulika oili inapopungua. Wakaishusha chini karibu na kranki, ikazungushwa kwa gia badala ya mnyororo, na kutoka hapo fimbo mbili ndefu zikazisukuma roka za juu.

Faida yake inaonekana wazi gerejini. Fundi anaweza kuing'oa hedi bila kuvuruga mpangilio wa kamshafti. Akishaisaga vali kwenye kikalio chake, huijaribu kwa kumimina petroli kwenye tundu lake na kuangalia kama inavuja. Springi huwekwa upande wenye mizunguko iliyobanana ukitazama chini, na vipande viwili vidogo vinavyoishika shina la vali hukaguliwa kwa makini, kwa maana kikichomoka kimoja vali huangukia pistoni. Nati za hedi hukazwa kwa mshazari, kidogo kidogo.

Mwisho ni tapeti. Injini ikiwa baridi, alama ya T ikiwa imelingana na ya kwenye kava na roka zote mbili zikicheza, nafasi inayotakiwa ni milimita 0.08 pekee. Ikizidi, injini hupiga kelele kama cherehani kuukuu. Ikikosekana ni hatari zaidi, kwani vali haifungi sawasawa, moto hupenya na kuichoma, na pikipiki hukataa kuwaka asubuhi ilhali mwenyewe anadaiwa pesa za siku. Mafundi wengi hupenda tapeti iliyo kimya. Kimya hicho huwagharimu wateja wao vali.

Kampuni nyingi za Uchina ziliiga injini hiyo, na baada ya Serikali ya Kenya kuondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mnamo 2008, zilifurika hadi Mbita na Kisiwa cha Rusinga.

Ziwani, historia ilienda kombo. Honda alishikilia kwamba injini ya mashua haipaswi kuchafua maji inamopita, na tangu 1964 kampuni yake ikauza injini za mashua za mipigo minne. Wavuvi wengi wa Ziwa Victoria walizoea za mipigo miwili, ambazo ni nyepesi na rahisi kutengenezwa, na ambazo huacha mafuta majini.

Baada ya kustaafu, Honda alizuru viwanda na maduka ya kampuni kote Japani ili kumshukuru kila mfanyakazi kwa mkono. Kijana mmoja alipourudisha nyuma mkono wake uliojaa oili, mzee aliushika vivyo hivyo, kisha akaunusa wake kwa furaha.

Alifariki akiwa na umri wa miaka 84. Alikuwa ameagiza kwamba kampuni isimfanyie mazishi makubwa, kwa kuwa magari ya waombolezaji yangesababisha msongamano katika barabara za Tokyo.