Thomas Edison na Mwalimu Wake wa Nyumbani

Bila shaka umewahi kuona glopu ya umeme ikiwaka. Je, wawajua watu waliofanya kazi hata taa hiyo ikafaa kutumiwa majumbani? Mmoja wao ni Thomas Alva Edison. Soma habari zake, uone jinsi maswali ya mtoto yanavyoweza kuzaa maarifa.

Edison alizaliwa tarehe 11 Februari, 1847, katika mji wa Milan, nchini Marekani. Mwaka 1854 wazazi wake walihamia Port Huron. Huko alipelekwa shule, lakini alisoma kwa miezi michache tu. Alikuwa mwingi wa maswali, na mwalimu wake akamdhania kuwa na akili pungufu. Mama yake, Nancy, hakukubali. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa mwalimu, kwa hiyo alimtoa mwanawe shuleni akamfundisha nyumbani.

Mama huyo hakumkataza kuuliza. Alimpa kitabu cha sayansi chenye majaribio. Edison hakuridhika kusoma tu. Alitaka kuyafanya majaribio hayo na kuona kwa macho yake. Alikusanya chupa za kemikali katika chumba kilichokuwa chini ya nyumba, akaziandika zote kuwa ni sumu ili mtu asiziguse. Mama aliona hatari, akamwamuru aziondoe. Mtoto alihuzunika sana. Ndipo mama akafikiri tena, akamruhusu aendelee kwa sharti kwamba azifungie kwa kufuli. Hivyo nyumba ilikuwa salama, na hamu ya mtoto ya kujua haikuzimwa.

Alipokuwa na umri wa miaka 12, Edison aliuza magazeti katika treni. Katika ujana wake masikio yake yalipungukiwa na nguvu ya kusikia, lakini hakuacha kujifunza. Mwaka 1876 alijenga maabara huko Menlo Park. Mwaka 1877 alitengeneza mashine ya kunasa sauti na kuitoa tena.

Kisha akaishughulikia taa ya umeme. Wataalamu wengine walikwisha kuijaribu, lakini taa zao hazikudumu. Edison na wasaidizi wake walijaribu vitu vingi sana. Mwezi Oktoba, 1879, walichukua uzi wa pamba uliogeuzwa kuwa makaa, wakautia ndani ya glopu ya kioo iliyoondolewa hewa. Umeme ulipopita, uzi ulipata joto kali ukatoa mwanga kwa zaidi ya saa 13. Haukuteketea upesi, kwa sababu hapakuwa na oksijeni ya kutosha kuuunguza. Baadaye walitumia nyuzi za mwanzi, na taa zikadumu zaidi.

Mama Nancy hakuiona taa hiyo, kwani alifariki mwaka 1871. Edison mwenyewe alifariki tarehe 18 Oktoba, 1931, akiwa na hataza 1,093 za uvumbuzi nchini Marekani.

Nawe mwanafunzi, usione haya kuuliza. Ukipata swali, liandike, kisha tafuta jibu kwa kujaribu. Lakini usiguse kemikali wala umeme bila mtu mzima.

Jaribio
Mwombe mwalimu awashe mshumaa mfupi, kisha aufunike kwa chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Tazama mwali.

Maswali
1. Mwali umezimika kwa sababu gani?
2. Kwa nini Edison aliondoa hewa katika glopu?
3. Mama yake alifanya nini ili majaribio yaendelee kwa usalama?