Livingstone: Mpima mvua aliyeshindwa na mvua

Kilomita 10 na ushei kusini mwa Bujumbura, mahali paitwapo Mugere, kuna jiwe kubwa linalotazama Ziwa Tanganyika. Juu yake yamechongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Wapo wanaoamini kuwa hapo ndipo wawili hao walipokutana kwa mara ya kwanza. Sivyo. Walikutana Ujiji, karibu na Kigoma, wiki chache kabla. Mugere walifika pamoja kwa mtumbwi, wakapumzika kwa wenyeji siku mbili, kisha wakaendelea kaskazini. Walikuwa wakitafuta jibu la swali moja tu: Mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka ziwani?

Kwa mfanyabiashara anayepita Gatumba kwenda Uvira na magunia yake, swali hilo linaweza kuchekesha. Lakini David Livingstone, aliyekuwa na umri wa miaka 58, alikuwa ametumia nusu ya maisha yake akifuatilia maji ya Afrika: yanayoshuka kutoka mawinguni, yanayopita mitoni na yanayokaa maziwani. Alianza kazi hiyo mahali ambapo mvua ilikataa kunyesha. Aliimaliza mahali ambapo mvua ilikataa kukoma.

Kijana wa kiwandani

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Uskoti, katika familia maskini. Akiwa na umri wa miaka 10 aliajiriwa katika kiwanda cha kusokota pamba, akifanya kazi tangu alfajiri hadi usiku. Fedha kidogo aliyopata ilimsomesha. Alisomea udaktari na dini, na mwaka 1841 alifika Afrika Kusini akiwa mmisionari.

Mwaka 1847 alijenga makazi Kolobeng, katika nchi inayoitwa leo Botswana, kwa chifu Sechele wa Wakwena. Sechele alikuwa chifu, na pia mganga wa mvua mwenye sifa kubwa. Mwaka 1848 alibatizwa, akaacha uganga wake. Ukame ulikuwa umeikamata nchi, na miaka iliyofuata haukuachia. Mto Kolobeng ulikauka, mazao yakanyauka, na mfereji aliouchimba Livingstone kumwagilia mashamba ukabaki mtaro mtupu.

Watu walifanya hesabu yao. Mgeni amekuja na kitabu chake, chifu ameacha dawa ya mvua, na mvua imekatika. Walimwomba Livingstone amruhusu Sechele afanye kazi yake angalau kwa manyunyu machache. Yeye alikataa, lakini alikaa na mganga wa mvua, wakajadiliana kwa muda mrefu. Mabishano hayo aliyaandika baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1857, na aliyaandika kwa haki: hoja za mganga zina nguvu sawa na zake, na msomaji anaweza kuondoka bila kujua nani alishinda. Mganga alimwonyesha kuwa hata daktari humpa mgonjwa dawa kisha mgonjwa akafa, na hakuna anayesema udaktari ni uongo.

Tangu hapo hali ya hewa ikawa kitu alichokiandika kila alipokwenda. Mwaka 1852 alikaa Cape Town kujifunza kwa mtaalamu wa nyota, Thomas Maclear, namna ya kutumia sekstanti, chombo cha kupimia pembe ya jua na nyota ili msafiri ajue alipo. Katika madaftari yake aliandika siku ambayo mvua ilianza, upepo ulivuma kutoka upande gani, na ngurumo zilisikika wapi. Alichemsha maji na kuweka kipimajoto ndani ili kujua mwinuko wa nchi, kwa sababu kadiri mahali palivyo juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo. Kwenye ufuko wa Bujumbura, ulio mita zaidi ya 770 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 98.

Kwa vyombo hivyo alivuka bara kutoka Luanda, pwani ya Atlantiki, hadi Quelimane, pwani ya Msumbiji, ambako alifika Mei 1856. Njiani, Novemba 1855, aliona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya.

Kuiwahi bahari kabla haijafunga

Safari yake ya pili, ya Mto Zambezi kuanzia mwaka 1858, ilienda vibaya. Maporomoko yalizuia stima, wenzake waligombana naye, na mkewe Mary alifariki Shupanga Aprili 1862. Serikali ya Uingereza ilipositisha safari hiyo, Livingstone alibaki na stima ndogo, Lady Nyassa, aliyoijenga kwa fedha zake. Angeweza kupata wanunuzi pwani. Aliogopa kwamba wangeitumia kubebea watumwa, akaamua kuipeleka Bombay mwenyewe.

Ilikuwa stima ya ziwani, na mbele yake kulikuwa na bahari kuu ya maili 2,500. Makaa ya mawe yalikuwa machache. Baadhi ya mabaharia wake walikuwa vijana kutoka Zambezi wasioijua bahari. Aliondoka Zanzibar tarehe 30 Aprili 1864, na hesabu yake ilikuwa ile ile ya manahodha wa majahazi: kusi inapoanza humsukuma msafiri kuelekea India, lakini ikishika nguvu mwezi Juni, bandari za huko hufungwa na dhoruba. Asingefika kabla ya hapo, asingefika kabisa.

Kwa zaidi ya wiki tatu upepo ulikufa, na stima ikaelea mahali pamoja. Mwishoni zikaja dhoruba za ghafla na mvua. Tarehe 13 Juni waliingia Bombay, baada ya karibu siku 45, bila mtu kuwatambua kwa jinsi chombo kilivyokuwa kidogo. Mvua kubwa za msimu zilikuwa mlangoni. Stima aliiuza kwa hasara, na fedha aliyoiweka benki ikapotea benki hiyo ilipofilisika. Lakini alikuwa ameiheshimu kalenda ya pepo, na kalenda ikamfikisha salama.

Katika chombo hicho alikuwamo kijana wa Kiyao, Chuma, aliyekombolewa utumwani mwaka 1861.

Rusizi na jibu la wenyeji

Mwaka 1866 Livingstone alirudi kutafuta chanzo cha Mto Nile. Alishuka Mikindani mwezi Machi, akiwa na Chuma na Susi, mwenyeji wa Shupanga. Januari 1867 sanduku lake la dawa liliibwa. Kuanzia hapo kila mvua ilimletea homa ambayo hakuwa na dawa ya kuitibu. Alifika kusini mwa Ziwa Tanganyika Aprili mwaka huo, akaliona Ziwa Bangweulu Julai 1868, kisha akaenda Manyema, mashariki mwa Kongo. Karatasi zilipomwishia aliandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino wa mimea.

Huko, katika soko la Nyangwe kando ya Mto Lualaba, aliona jambo lililomvunja moyo. Tarehe 15 Julai 1871 soko lilikuwa limejaa, wengi wakiwa wanawake waliovuka mto na bidhaa zao. Watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa wakaanza kufyatua bunduki. Waliokufa kwa risasi na kwa kuzama mtoni walikadiriwa kuwa kati ya 300 na 400. Habari alizoandika zilipofika Uingereza zilichochea shinikizo lililofunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873. Hata hivyo, kwa miaka mingi Livingstone mwenyewe alikuwa ameishi kwa chakula, mitumbwi na msaada wa wafanyabiashara wa aina hiyo. Hakuwa na njia nyingine, na alilijua hilo.

Alirudi Ujiji Oktoba 1871 akiwa mgonjwa na bila mali, na hapo ndipo Stanley alipomkuta. Novemba hiyo wakaelekea Rusizi kwa mtumbwi wa kuazima. Ulikuwa mwezi wa mvua, wakati ambao mawingu hujikusanya juu ya milima ya Burundi na radi kushuka ziwani bila taarifa ndefu. Walifuata ufuko, kama wafanyavyo hadi leo wenye vyombo vidogo.

Ikiwa Rusizi ulitoka ziwani kwenda kaskazini, Tanganyika lingeweza kuwa chanzo cha Nile. Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858 na wakaambiwa na wenyeji kwamba mto unaingia ziwani, lakini hawakufika mdomoni. Livingstone na Stanley walifika. Maji yalikuwa yanaingia. Wenyeji walikuwa wamesema kweli miaka 13 nyuma. Walirudi Ujiji katikati ya Desemba, na Cameron akaja kuona mwaka 1874 kwamba ziwa linatolea maji yake magharibi, kwenye Mto Lukuga, ilipo Kalemie.

Kiangazi kilichopotea

Stanley alimsihi arudi nyumbani. Alikataa. Walipoagana karibu na Tabora Machi 1872, Livingstone alibaki akisubiri wapagazi ambao Stanley angewatuma kutoka pwani. Walifika Agosti. Miezi mitano ya kiangazi, ambayo ingemfikisha Bangweulu juu ya ardhi kavu, ilikuwa imekwisha.

Hapo ndipo ulipo uamuzi uliomuua. Aliyewahi mvua za Bombay kwa siku chache alijua vizuri miezi ya mvua ya Bangweulu. Angeweza kungoja. Lakini alikuwa anakaribia miaka 60, damu ilimtoka tumboni, na chanzo cha Nile hakikumpa usingizi. Tarehe 25 Agosti 1872 aliondoka Tabora.

Januari 1873 walikuwa ndani ya vinamasi. Mvua ilinyesha mchana na usiku, mito ikapoteza kingo zake, na msafara ukapita maji ya kifuani. Vipimo vyake vya mwaka 1868 vilikuwa na kosa, na sasa mawingu yaliziba jua na nyota. Aliyejifunza kusoma anga hakuwa na anga ya kusoma. Walizunguka. Siku aliyotimiza miaka 60 ilimkuta majini. Mwezi Aprili hakuweza tena kutembea, wakambeba kwenye kitanda. Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa.

Robota la mwisho

Mvua zilikuwa zimekwisha, na jua lililomkosea kwa miezi sasa likafanya kazi. Susi, Chuma na wenzao walizika moyo wake chini ya mti. Mwili wakautia chumvi na kuukausha juani siku 14, wakauviringisha kwa merikani, gome la mti na turubai. Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, aliorodhesha mali yote. Kisha wakaanza safari ya zaidi ya kilomita 1,500 kwenda pwani.

Wengi waliugua, na wapo waliokufa njiani. Tabora walikutana na Waingereza walioshauri mwili uzikwe hapo hapo. Walikataa. Mbele yake, wenyeji waliokataa maiti kupita kwao walidanganywa kwamba imerudishwa kuzikwa. Ukweli ni kuwa mwili ulifungwa upya kama robota la kawaida la vitambaa, ukapita kama bidhaa. Februari 1874 walifika Bagamoyo. Walilipwa mishahara yao, wakaachwa. Mwili ulizikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874. Wainwright alikuwapo. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baada ya mazishi, wakasaidia kuelezea madaftari ambayo bila wao yasingefika popote.

Mto ambao Livingstone alikuja kuuangalia bado unaingia ziwani, na nyakati nyingine unaingia na majumba. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua moja ilishukia kaskazini mwa Bujumbura na kuua zaidi ya watu 60. Aprili 2020 Rusizi ulifurika Gatumba, maelfu wakahama, na barabara ya mpakani ikawa maji. Leo utabiri unasikika redioni na kwenye simu, na mzee wa ufukweni anayetazama mawingu ya mlimani bado yupo. Mwenye mzigo wa kupeleka Uvira, Kalemie au Mpulungu hakosi wa kumwambia mvua inakuja. Livingstone naye hakukosa, maana aliijua kuliko wengi. Kilichomponza ni miezi michache ambayo hakuwa tayari kungoja.