Elihu, Kijana Aliyengoja Zamu Yake

Kitabu cha Ayubu kinatupa habari za Elihu, mwana wa Barakeli, wa jamaa ya Ramu. Ayubu alikuwa amepoteza mali, watoto na afya. Wazee watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walikuja kumfariji, lakini faraja ikageuka mashtaka: walisema anateswa kwa ajili ya dhambi zake. Elihu alisikia yote akanyamaza, kwa kuwa walimzidi umri.

Wazee walipoishiwa na maneno, hasira yake ikawaka. Walimhukumu Ayubu bila kupata la kumjibu, naye Ayubu alijihesabia haki kuliko Mungu. Ndipo Elihu akaomba asikilizwe (sura ya 32 hadi 37). Alieleza kwamba ufahamu hutoka kwa Mungu, si kwa wingi wa miaka tu. Alimwambia Ayubu kwamba yeye naye ameumbwa kwa udongo, na kwamba Mungu hufundisha hata katika mateso.

Mwishoni Mungu aliwakemea wale watatu. Elihu hakutajwa kati yao.

Vijana, ngojeni zamu yenu, kisha semeni. Wazee wetu, wapeni nafasi. Aliyepoteza kila kitu anahitaji neno la kweli, hata likitoka kinywani mwa mdogo.