Cardano, munganga aliyetafuta asma kitandani

Madereva wa barabara ya Sake, Masisi na Walikale wanaijua kardani: ikikatika, Fuso inalala njiani. Wachache wanajua kwamba jina hilo lilitoka kwa munganga, Gerolamo Cardano, aliyezaliwa Pavia, Italia, mwaka 1501.

Mwaka 1552 aliitwa Scotland kumtibu Askofu Mkuu John Hamilton, aliyeteswa na pumu, ao asma, kwa miaka kama 10. Waganga wengine walikuwa wameshindwa. Cardano hakukimbilia dawa. Wiki kadhaa alimtazama anavyokula, anavyofanya kazi na hasa anavyolala, ndipo akaamuru godoro na mto wa manyoya ya ndege viondolewe, na chakula kibadilishwe. Askofu akapata nafuu.

Kwetu wengi hawalalii manyoya. Huku cha kutazama kwanza ni moshi wa kuni na makala pale watoto wanapolala karibu na moto, kisha vumbi ya machimbo, Rubaya hadi Bisie. Dawa ya kuvuta haiachwi, lakini moshi ukibaki ndani, kifua kinabana tena.

Hamilton alinyongwa mwaka 1571, kwa mambo ya siasa. Cardano, aliyeshindwa kumwokoa mwanawe asiuawe mwaka 1560, alifariki Roma mwaka 1576.