Karani wa Mita za Maji: Jomo Kenyatta na Uamuzi wa Mwaka 1928

Jina la Lokitaung halikosekani katika historia ya Kenya. Mji huo mdogo ni jirani wa Kaaleng katika Turkana Kaskazini, karibu na mipaka ya Ethiopia na Sudan Kusini. Ni huko ambako serikali ya kikoloni ilimfunga Jomo Kenyatta kuanzia mwaka 1953, kabla ya kumhamishia Lodwar. Wengi wanaosimulia maisha yake huanzia hapo, penye pingu, au huanzia Desemba 1963, penye bendera mpya. Makala haya yanakusudia kuanzia mahali pasipo na pingu wala bendera, yaani katika idara ya maji ya Baraza la Manispaa ya Nairobi. Hapo palikuwa na karani mwenye kazi nzuri, naye akaiacha.

Tarehe aliyozaliwa haijulikani kwa hakika; linalokubaliwa na wengi ni kwamba alizaliwa katika miaka ya 1890 huko Gatundu, wilaya ya Kiambu, akaitwa Kamau wa Ngengi. Mwaka 1909 alijiunga na shule ya misheni ya Waskoti huko Thogoto. Alijifunza kusoma, kuandika na useremala, na mwaka 1914 akabatizwa kwa jina la Johnstone. Jina la Kenyatta alilipata baadaye, na huhusishwa na mshipi wa shanga aliopenda kuuvaa. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alikaa Narok miongoni mwa jamaa zake wa Kimaasai, akaepuka kusombwa na kufanywa mpagazi wa jeshi. Vita vilipokwisha alirudi Nairobi, akamwoa Grace Wahu, na mwaka 1920 wakajaliwa mtoto wa kiume, Peter Muigai.

Mwaka 1922 Kenyatta aliajiriwa na Baraza la Manispaa awe karani wa ghala na msomaji wa mita za maji. Mshahara wake ulikuwa takriban shilingi 250 kwa mwezi. Ili msomaji auelewe uzito wa fedha hizo, na akumbuke kuwa kibarua katika shamba la mlowezi wakati huo hakupata hata shilingi 20 kwa mwezi. Kazi yenyewe ilimpeleka nyumba kwa nyumba, akajuana na watu wa kila tabaka, hasa Wahindi wa Nairobi. Aidha, alijenga makao Dagoretti na kufungua duka dogo. Kwa mizani ya zama zile, huyu alikuwa mtu aliyefika.

Lakini kufika ni kitu kimoja, na kusonga mbele ni kingine. Katika utumishi wa kikoloni Mwafrika aliweza kuwa karani hodari, kisha akaendelea kuwa karani hodari hadi uzeeni. Wasimamizi walikuwa Wazungu, na rangi ndiyo iliyokuwa cheti cha kupandia cheo. Mwanamume aliyelipwa vizuri kuliko jirani zake wote alilazimika, sawa na kibarua, kubeba kipande kilichoandikwa nani amemwajiri na lini amemwacha. Tonge lilikuwa nono, ila dari ilikuwa chini.

Kwa nini basi asiondoke upesi? Jibu lilikuwa mbele ya macho yake. Mwaka huo huo wa 1922 alipoajiriwa, Harry Thuku, kijana aliyekuwa mpokeaji simu katika idara ya hazina ya serikali, alikuwa amekwisha kuipoteza kazi yake kwa sababu ya siasa. Alikamatwa mwezi Machi. Watu walipokusanyika kudai aachiliwe, walipigwa risasi na wengi wakafa, naye Thuku akahamishiwa Kismayu, asirudi hadi miaka ya mwanzo ya 1930. Hakuna karani wa Nairobi ambaye hakulielewa somo hilo. Ajira ya serikali na siasa havikukaa chungu kimoja.

Kenyatta hakukurupuka. Alibaki kazini takriban miaka sita. Katika kipindi hicho viongozi wa Kikuyu Central Association, miongoni mwao Joseph Kang'ethe na Jesse Kariuki, walimwendea kwa sababu walihitaji mtu anayeweza kuandika barua kwa Kiingereza na kuzifasiri nyaraka za serikali. Akawasaidia huku akiendelea kupokea mshahara wa manispaa. Wapo wanaomlaumu kwa hilo, wakiuita woga. Mwandishi wa makala haya anauona vingine: mtu mwenye mke na mtoto aliipima kazi mpya kabla ya kuiacha ya zamani. Alijua kama anaiweza, na wenzake wakajua kama anawafaa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hakatazwi kuchungulia kwanza kama kuna nyoka.

Mwaka 1928 ndipo mizani ilipolala upande mmoja. Tume ya Hilton Young ilikuja kuchunguza suala la kuyaunganisha makoloni ya Afrika Mashariki, na Wakikuyu walihofia kuwa walowezi wangepewa nguvu zaidi juu ya ardhi. Chama kilihitaji katibu wa kudumu, si msaidizi wa jioni. Kenyatta aliiacha kazi ya mita, akawa katibu mkuu, na mwezi Mei mwaka huo akaanza kuhariri gazeti la Muigwithania kwa lugha ya Kikuyu. Tangu hapo riziki yake ilitegemea chama kilichoendeshwa kwa michango ya wanachama. Tusisahau kuwa mwaka huo huo Wahu alijifungua mtoto wa pili, binti aliyeitwa Margaret Wambui.

Hapa ndipo wasifu mwingi hukimbilia ushindi. Sisi tusite kidogo, tuulize nani aliyeilipa gharama. Februari 1929 Kenyatta alisafiri kwenda London kupeleka malalamiko ya ardhi, akarejea Septemba 1930. Mwaka 1931 aliondoka tena, na safari hii hakurudi hadi Septemba 1946. Binti aliyemwacha na umri wa miaka mitatu alimkuta mwanamwali wa miaka kumi na minane. Wahu ndiye aliyebaki na watoto katika miaka hiyo yote kumi na mitano. Uamuzi wa kuacha kazi husimuliwa kana kwamba ni wa mtu mmoja, ilhali mara nyingi anayeuamua si yeye peke yake anayeulipia.

Naye mwenyewe hakuishi kwa raha huko Uingereza. Alidaiwa kodi na kuzungushwa na maofisa. Wanaisimu watapenda kujua kwamba katika miaka ya 1930 alifanya kazi katika idara ya fonetiki ya University College London, ambako matamshi yake yalimsaidia Lilias Armstrong kuandika uchunguzi wake wa fonetiki na toni za Kikuyu, uliochapishwa mwaka 1940. Alisoma anthropolojia chini ya Bronisław Malinowski, na mwaka 1938 akachapisha kitabu Facing Mount Kenya kwa jina jipya la Jomo. Vita vya pili vilipozuka alifanya kibarua cha shambani huko Sussex. Aliyewahi kuwa karani wa shilingi 250 alikuwa sasa mtu mwenye elimu kubwa na mfuko mtupu.

Aliporudi nyumbani aliongoza chama cha KAU kuanzia mwaka 1947. Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa, akakamatwa, akashtakiwa Kapenguria pamoja na Bildad Kaggia, Paul Ngei, Fred Kubai, Kung'u Karumba na Achieng Oneko. Aprili 1953 alihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Huko Lokitaung, kwa sababu ya umri wake, aliwekwa jikoni awapikie wafungwa wenzake. Tafakari kinaya hicho, msomaji. Mtu aliyezoea kusoma mita za maji ya bomba alijikuta katika nchi ambamo kina mama huchimba mchanga wa laga, yaani mkondo wa mto mkavu, ili kupata maji ya kunywa. Mwaka 1959 alihamishiwa Lodwar, ambako hakufungwa tena gerezani bali alizuiwa kutoka. Alikaa huko hadi mwaka 1961 alipopelekwa Maralal, na mwezi Agosti mwaka huo akarudi Gatundu akiwa huru.

Mwaka 1963 akawa waziri mkuu, na mwaka 1964 rais. Kama hadithi ingeishia hapa, funzo lingekuwa jepesi: acha kazi, teseka, utatawala. Maisha hayakuwa mepesi hivyo. Juni 1964 Kaggia, aliyefungwa naye Lokitaung, aliuacha unaibu waziri wa elimu kwa sababu hakukubali kunyamaza kuhusu ardhi ya wasio na ardhi. Mwaka 1966 Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais, naye Oneko akauacha uwaziri. Oneko alitiwa kizuizini mwaka 1969, akaachiliwa mwaka 1975. Hawa walikuwa na viti vizuri, wakaviacha, na aliyewafanya walipe gharama ni yule yule aliyewahi kukiacha chake. Kenyatta alibaki kitini hadi alipofariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, huku jamaa yake ikiwa na ardhi nyingi. Haki inatudai tutaje pia kwamba mwaka 1974 aliamuru Kiswahili kitumike Bungeni, jambo ambalo wapenzi wa lugha hii hawana budi kumshukuru.

Leo Lodwar ni makao ya serikali ya kaunti, na Kakuma ina kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1992. Katika miji hiyo wapo walimu, makarani na wafanyakazi wa mashirika ambao mshahara mmoja hulisha nyumba tano. Kumwambia mtu kama huyo ajitupe tu ni kumdanganya. Maisha ya Kenyatta yanatoa ushauri mwingine. Kwanza, aijaribu kazi mpya akiwa bado na ile ya zamani. Pili, ahesabu watakaolipa pamoja naye, na wao waulizwe. Tatu, ajue kwamba hesabu hiyo haifanywi mara moja. Karani wa mwaka 1928 aliifanya vyema, lakini rais wa mwaka 1966 hakuirudia. Kiti kinachotulemaza huenda kisiwe kile tulichokiacha, bali kile tulichokipata baada ya kukiacha.