Bwana Citroën na ile motokari ya chini

Juma lililopita mzee mmoja wa hapa mjini alituletea foto. Ni karti ya posta ya zamani, rangi yake imekuwa kama chai, pembe moja imekatika. Inaonyesha barabara ya Paris: miti, duka la kahawa lenye viti inje, watu wenye kofia, na motokari sita zimesimama kando ya njia. Nyuma hakuna tarehe. Wino umefutika, limebaki tu jina la marehemu baba yake, aliyekuwa shofere. Mzee alitaka kujua mambo mawili: hii foto ni ya mwaka gani, na ile motokari nyeusi ya mbele ni ya aina gani? Yeye alisema ni Renault. Mtoto wake wa kwanza alisema ni Mercedes, na juu ya neno hilo walikuwa hawasikilizani toka Pasaka.

Tulikaa nayo siku mbili, na kioo cha kukuza mkononi. Motokari za zamani zinasomwa usoni, sawa vile watu. Ya kwanza kushoto haikutusumbua: taa zake mbili hazikai kando, zimefichwa ndani ya uso, nyuma ya vyuma vya mbele, karibu karibu kama macho ya bundi. Hiyo ni Peugeot 402, iliyotoka mwezi wa kumi 1935. Nyuma yake kuna motokari kuukuu ya juu, na mfuniko wa mashini unateremka mbele kama pua ya nguruwe, bila radiatere mbele. Hiyo ndiyo Renault, ya miaka ya 1920, maana siku zile Renault waliweka radiatere nyuma ya mashini. Halafu kuna kale kadogo ka watu wawili: Simca 5, ndugu ya Fiat Topolino ya Waitalia, nayo ni ya 1936.

Basi foto haiwezi kuwa ya mbele ya 1936. Na mwisho wake? Kuanzia 1950 mpaka 2009 plaki mpya za Ufaransa zilimalizika na namba ya jimbo, na Paris ni 75. Hapa hakuna 75, kuna herufi R, ya plaki za zamani. Tena wakati wa vita mafuta yalikosekana, motokari nyingi zilifungiwa matangi ya gazi ya makaa, na taa zilifunikwa juu ya ndege za mabomu. Hizi hazina kitu cha namna hiyo. Kwa hiyo tukamwambia mzee: kati ya 1936 na 1939, hapo huwezi kupotea.

Sasa ile nyeusi. Mzee na mtoto wake wote wawili walikosa. Iangalie namna inavyokaa chini, kama paka anayetaka kuruka. Wenzake wa wakati ule wana kibao cha kukanyagia kando ya milango, yenyewe haina. Na mbele, juu ya vyuma, kuna alama mbili za V zilizopinduliwa, moja juu ya nyingine. Ni Citroën, ile inayoitwa Traction. Tulipohesabu vizuri tulikuta ziko tatu kati ya zile sita. Hapo tukaacha foto mezani na kuanza kumfuata mwenye jina, kwa sababu maisha yake yote yamekaa mbele ya ile motokari, kwa mtu anayejua kuyasoma.

André Citroën alizaliwa Paris tarehe 5 Februari 1878, mtoto wa tano na wa mwisho. Baba yake Levie alikuwa Myahudi wa Uholanzi, mchuuzi wa almasi. Mama yake Masza alitoka Warsaw. Jina lenyewe ni la sokoni. Baba wa babu yake aliuza matunda, akaitwa mtu wa ndimu. Babu alilibadilisha kidogo likawa Citroen, ambalo kwa Kiholanzi ni ndimu vilevile. Yale matone mawili juu ya e yaliongezwa Paris. Miaka mingi baadaye, alipotoa motokari ndogo ya rangi ya manjano, watu wa Paris waliiita ndimu ndogo, na sisi tunafikiri hakuna aliyecheka zaidi kuliko yeye.

Lakini utoto wake haukuwa wa kuchekesha. Mwaka wa 1884 biashara ya almasi ilimtia baba yake mashaka makubwa, naye akajiua. André alikuwa na miaka sita. Mama alibaki na watoto watano na biashara mkononi. Mtoto alisoma vitabu vya Jules Verne, akaona mnara wa Eiffel ukipanda chuma juu ya chuma mpaka 1889, akasema moyoni atakuwa enjinia. Katika shule ya Condorcet alisoma pia kijana mwingine anayeitwa Louis Renault. Wazia shule moja, na watu wawili waliokuja kugombania barabara zote za Ufaransa!

Alipita shule kubwa ya Polytechnique, na mwaka wa 1900 akaenda Poland kwa ndugu za mama yake. Kule aliona magurudumu ya meno, yale yanayozungushana ndani ya mashini, lakini meno yake yalichongwa kwa sura ya V. Meno ya kawaida yanapiga kelele na kuvunjika. Haya yalishikana polepole, kwa nguvu, bila makelele. Akanunua haki ya kuyatengeneza. Hiyo ndiyo maana ya zile V mbili mbele ya motokari. Watu wengine hapa kwetu husema ni cheo cha askari, wengine wanasema ni paa la nyumba. Hapana. Ni meno ya chuma, na ndiyo biashara yake ya kwanza.

Mwaka wa 1908 waliomba aongoze kiwanda cha motokari cha Mors kilichokuwa kinaanguka, akakiinua. Mwaka wa 1912 alikwenda Marekani kutazama namna Ford anavyofanya kazi. Halafu vita ikaja. Wafaransa walikosa risasi za mizinga, naye mwaka wa 1915 akajenga kiwanda kwenye ukingo wa mto Seine, mahali panapoitwa Javel, kwa miezi michache tu. Wengi waliofanya kazi pale walikuwa wanawake, maana wanaume walikuwa vitani. Aliwawekea mahali pa kula, daktari wa meno na nyumba ya kulelea watoto. Kabla ya vita kwisha, kiwanda kilikuwa kimetoa risasi za mizinga zaidi ya milioni 20.

Siku vita inakwisha, kiwanda cha risasi kinakuwa cha nini? Wengine wangefunga mlango na kuhesabu makuta. Yeye alikuwa na jibu tayari: mwaka wa 1919 alitoa motokari ya Type A, ya kwanza Ulaya kutengenezwa kwa wingi kwa namna ya Ford. Bei ya kwanza ilitangazwa falanga 7,950. Wakati ule mtu alinunua shasi, kisha akatafuta fundi wa bodi, kisha taa, kisha mipira. Citroën aliuza motokari nzima: unalipa, unapanda, unakwenda. Mwaka wa 1929 kiwanda kilitoa karibu motokari 100,000.

Na alijua kupiga kelele ya soko, huyu mutu! Aliweka vibao vya njia katika Ufaransa nzima, na jina lake juu yake. Alitengeneza motokari ndogo za kuchezea, ili mtoto ajue jina la Citroën mapema. Kuanzia 1925 mpaka 1934 jina lake liliandikwa usiku juu ya mnara wa Eiffel kwa taa 250,000, juu ya mnara uleule aliouona ukijengwa akiwa mtoto. Mwaka wa 1927 Lindbergh, yule Mmarekani aliyevuka bahari peke yake kwa ndege, alifika Paris usiku, na mnara ule ukiwaka hivyo.

Kelele yake ilifika mpaka kwetu. Tarehe 28 Oktoba 1924 motokari nane zenye mikanda ya mpira badala ya magurudumu ya nyuma ziliondoka Colomb-Béchar, katika Algeria, chini ya Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Zilipita jangwa, Niger, Chad, Oubangui-Chari, zikaingia Kongo ya Wabelgiji na misitu yake, zikafika Kampala. Hapo msafara uligawanyika mara nne: wengine Mombasa, wengine Dar es Salaam, wengine Msumbiji, wengine mpaka Cape Town. Walikutana tena Madagascar katikati ya 1925. Wafaransa wanauita msafara huo Croisière noire; ulitoa filamu na michoro mingi ya mchoraji Iacovleff. Citroën mwenyewe alibaki Paris. Sisi hatukatai kwamba lilikuwa jambo la ujasiri. Lakini tuseme wazi, lilikuwa pia tangazo la biashara na la ukoloni pamoja. Majina ya wakubwa tunayo mpaka leo. Majina ya watu wetu waliowatumikia njiani hatuyasikii.

Turudi kwa ile motokari ya chini, maana ndiyo iliyomwua.

Baada ya 1929 makuta yalipotea duniani kote. Wenzake walipunguza mwendo, yeye aliongeza. Mwaka wa 1933 alibomoa na kujenga upya kiwanda cha Javel kwa miezi michache, akaita maelfu ya wageni kula ndani yake. Mwaka uleule wafanyakazi wake walikuwa wamegoma, juu ya kupunguziwa mshahara. Mambo hayo mawili mtu hawezi kuyaweka kwenye meza moja bila kuona aibu kidogo. Tena alipenda kucheza kamari katika kasino ya Deauville, na kupoteza pesa mbele ya watu bila kukunja uso. Wengi wanasema kamari ndiyo ilimwangusha. Sisi hatuamini. Kilichomwangusha ni kiwanda kile na madeni yake, pamoja na motokari moja aliyoitaka haraka kupita akili.

Motokari hiyo ilivutwa na magurudumu ya mbele, ndiyo maana ya Traction. Haikuwa na shasi ya zamani: bodi yenyewe ndiyo ilibeba kila kitu, kwa hiyo iliweza kukaa chini na kushika njia kwenye kona. Freni zake zilikuwa za mafuta. Enjinia alikuwa André Lefebvre; sura ilichongwa na Flaminio Bertoni, Mwitalia. Ilionyeshwa mwezi wa nne 1934, lakini ilikuwa haijaiva. Walitaka kuiwekea gia za kujibadilisha zenyewe, zikashindwa dakika ya mwisho. Za kwanza kuuzwa zilivunjika njiani, wanunuzi wakazirudisha garaji kwa hasira, na banki zikafunga mkono. Mwezi wa kumi na mbili 1934 kampuni iliwekwa chini ya korti. Michelin, waliokuwa wanamdai pesa nyingi za mipira, wakaichukua. Jina lilibaki juu ya mlango, mwenye jina akatoka.

Alikuwa tayari mgonjwa wa kansa ya tumbo. Alikufa Paris tarehe 3 Julai 1935, na miaka 57, akazikwa kwenye makaburi ya Montparnasse. Traction ilitengenezwa vizuri baada ya hapo, ikaendelea kutoka kiwandani mpaka 1957, zaidi ya 700,000. Wakati wa vita Gestapo waliipenda sana hiyo motokari nyeusi, wakakamata watu kwayo, Wayahudi pamoja nao, ndani ya motokari yenye jina la Myahudi. Mwaka wa 1944 vijana wa Ufaransa waliopigana nao waliandika herufi FFI kwa rangi nyeupe juu ya milango ya Traction zilezile. Ukiona foto yenye herufi hizo, huna haja ya kutafuta tarehe mbali. Na kama Traction ina mgongo mkubwa wa kuweka mizigo, ujue ni ya 1952 au baadaye. Ya mzee wetu haina mgongo huo.

Mahali pa kiwanda cha Javel leo kuna bustani yenye jina lake.

Mzee alirudi Ijumaa kuchukua foto, na mtoto wake alikuwa naye. Tuliwaeleza yote, wakacheka pamoja kwa kuwa walikosa pamoja. Halafu mzee akaonyesha kwa kidole bwana mmoja mwenye kofia nyeusi na miwani, anayeangalia zile motokari kutoka kwenye viti vya duka la kahawa, akauliza kama haiwezekani kuwa ni Bwana Citroën mwenyewe. Tukamjibu hapana, baba. Siku foto hii inapigwa alikuwa tayari kaburini, mwaka mmoja au zaidi. Mzee alimwangalia tena yule bwana wa kofia, akaifunga karti ndani ya gazeti, wakaenda.